Pumzi ya Nyumba Yako: Mwongozo Kamili wa Kukagua Vihatarishi vya Saratani ya Mapafu, Arusha na Moshi

Mama mkubwa hakuwahi kushika sigara maishani mwake. Alikuwa mwanakwaya wa Machame, mkulima wa kahawa na ndizi, mama wa watoto saba. Alipoanza kukohoa tulisema ni baridi ya Julai. Kikohozi kilipovuka Oktoba, zahanati moja ilimwanzishia dawa za kifua kikuu bila kumpima makohozi, akazimeza miezi sita kamili huku akizidi kukonda. Picha ya CT, inayoonyesha ndani ya mwili kwa kina kuliko eksirei, ilipokuja kupigwa, uvimbe ulikuwa umeshashika pafu la kulia na kufika kwenye mifupa. Msibani, karibu kila aliyekuja kutupa pole aliuliza swali lile lile: “Kwani alikuwa anavuta?”

Swali hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe, maana lilimgeuza marehemu kuwa mtu wa kujieleza. Sigara ndiyo chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu duniani, hilo halina ubishi. Lakini kuna moshi wa jikoni, kuna vumbi la kazini, na kuna gesi inayotoka ardhini na kuingia chumbani bila harufu wala rangi, jina lake radoni. Hakuna daktari aliyeweza kutuambia ni kipi hasa kilimpata mama mkubwa. Mimi nilifundisha fizikia sekondari hadi nilipostaafu, na baada ya msiba ule niliona aibu kwamba nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi habari za mionzi ubaoni, ila sikuwahi kuinama kuangalia sakafu ya nyumba yangu.

Mwaka 2022 peke yake, watu wapatao milioni 2.5 duniani waligundulika na saratani hii, na takriban milioni 1.8 walikufa nayo. Huua wengi kwa sababu hugundulika ikiwa imechelewa. Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili: kukusaidia kupunguza unachovuta, na kukusaidia kuwahi. Tenga Jumamosi moja. Chukua daftari, kalamu, tochi na futi kamba.

Hatua ya kwanza: daftari la pumzi

Kwa kila mtu mzima wa nyumbani, fungua ukurasa wake. Andika umri, kazi zote alizowahi kufanya na miaka aliyozifanya, nyumba alizoishi muda mrefu na aina ya jiko lililotumika humo, kama amewahi kuvuta na kiasi gani, kama amewahi kuugua kifua kikuu, na kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja amewahi kuugua saratani ya mapafu. Wazee waulizwe kwa taratibu, ikiwezekana jioni baada ya chakula, si kama polisi anayechukua maelezo. Bibi atakwambia “mimi sijafanya kazi yoyote”, kumbe amepika kwa kuni miaka hamsini. Hiyo ni kazi, iandike.

Hatua ya pili: sigara, na namna ya kuihesabu

Madaktari hupima uvutaji kwa kipimo kinachoitwa miaka-pakiti. Chukua idadi ya sigara kwa siku, gawanya kwa 20, kisha zidisha kwa miaka uliyovuta. Huku kwetu wengi hawanunui pakiti. Wananunua moja moja kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, na kwa sababu hiyo hujiona si wavutaji wa kweli. Fanya hesabu. Sigara 5 kwa siku kwa miaka 32 ni miaka-pakiti 8. Sigara 10 kwa siku kwa miaka 40 ni miaka-pakiti 20.

Nimetaja 20 makusudi. Tangu 2021, mwongozo wa Marekani unashauri kila mtu wa umri wa miaka 50 hadi 80 aliyefikisha miaka-pakiti 20, na ambaye bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15 iliyopita, apigwe picha ya CT yenye mionzi midogo kila mwaka hata kama hana dalili. Utafiti mkubwa uliotangazwa huko huko mwaka 2011 ulionyesha kuwa uchunguzi huo ulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ukilinganisha na eksirei ya kawaida. Ukiwa na namba hiyo mkononi, unaweza kumwuliza daktari wako swali la maana badala ya kusema tu “naogopa”.

Usidanganywe na sigara inayoitwa nyepesi, wala kichungi. Shisha nayo si mvuke wa matunda: katika kikao cha saa moja mtu huvuta ujazo wa moshi unaozidi ule wa sigara moja zaidi ya mara mia.

Kuacha kunalipa katika umri wowote. Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliochapisha mwaka 1950 ushahidi mzito unaounganisha sigara na saratani ya mapafu, walianza mwaka uliofuata kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, na ufuatiliaji huo ukaendelea kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa 2004 yalionyesha kuwa aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata takriban miaka 3 ya kuishi zaidi. Aliyeacha akiwa na 50 alipata 6. 40, miaka 9. Na 30, miaka 10. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 akikwambia “nimeshachelewa”, mjibu kwa heshima kwamba hajachelewa.

Namna ya kuacha: panga tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, si “nitaacha tu”. Waambie watu wawili ambao ungeona haya kuwaangusha. Usiku wa kuamkia siku hiyo, toa nyumbani sigara, kiberiti na kisahani cha majivu. Badili njia, usipite kwa yule Mangi. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi, lakini kila hamu inapokuja hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, tembea hadi getini, piga simu. Uliza famasi kuhusu bigijii au plasta za nikotini, zinasaidia kweli. Ukiteleza siku moja, hujarudi mwanzo. Anza tena kesho yake.

Na moshi wa mwenzako? Anayeishi na mvutaji huongeza hatari yake kwa takriban asilimia 20 hadi 30. Kumkataza baba kuvuta ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe si jambo rahisi, najua. Sisi tulimwekea mzee kiti chake kizuri chini ya mparachichi, na mto wake, na redio yake. Mjukuu ndiye aliyempeleka: “Babu, shikamoo, kiti chako kiko huku.” Hakuna aliyemgombeza, na sebule ikapona.

Hatua ya tatu: jikoni

Ingia jikoni, washa tochi, elekeza darini. Masizi unayoyaona pale juu ndiyo kipimo chako. Kilichoshika kwenye bati kimepita pia kifuani mwa mpishi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa nyumbani katika kundi la visababishi vilivyothibitika. Moshi wa kuni liliuweka kundi linalofuata, la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Katika kundi hilo hilo upo mvuke wa mafuta yanayokaangia kwa moto mkali sana, na hapo nawafikiria vijana wa chips wanaosimama juu ya karai tangu saa kumi jioni hadi usiku wa manane.

Si saratani tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, kwa moyo, kiharusi, nimonia na magonjwa mengine ya mapafu. Kwa hiyo hata ukiona habari ya saratani iko mbali, jiko halikosi sababu ya kurekebishwa.

Fanya kwa mpangilio huu, ukisimama pale uwezo unapoishia. Kwanza, toa jiko nje ya nyumba ya kulala, au walau kwenye kibanda chenye pande mbili wazi. Pili, tumia kuni zilizokauka. Matawi mabichi ya mkahawa yaliyokatwa wiki hii yanatoa moshi mara nyingi zaidi kuliko yale yaliyokaa darini miezi mitatu. Tatu, weka bomba la kutolea moshi linalopita juu ya paa. Nne, punguza muda wa moto: makande na maharage yalowekwe usiku kucha, na kama umeme upo, jiko la umeme la presha hupika maharage kwa umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tano, hamia gesi kwa mapishi ya kila siku. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Usisubiri 2034. Anza na chai ya asubuhi, maana chai ndiyo inayowasha moto mara nyingi zaidi kwa siku.

Na jambo moja ambalo si la saratani, lakini siwezi kulipita. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kuota moto usiku wa baridi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua usiku huo huo.

Hatua ya nne: radoni

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo tunapojua machache na kuna mengi ya kufanya.

Ndani ya mawe na udongo wa dunia nzima kuna chembe za urani. Urani huvunjika polepole na kupitia hatua kadhaa hadi kuwa radiumu, na radiumu hutoa gesi ya radoni. Nusu ya radoni huvunjika kila baada ya siku 3.8. Ikitokea hivyo nje, upepo huitawanya na hakuna madhara ya maana. Ikitokea chini ya sakafu yako, hupenya kwenye nyufa na kujikusanya ndani. Radoni yenyewe unaivuta na kuitoa. Tatizo ni watoto wake, yaani madini ya poloniamu inayoyazaa, ambayo hujishika kwenye vumbi na moshi, yakaganda kwenye njia za hewa na kupiga seli kwa chembe za alfa, ambazo ni aina ya mionzi. Ndiyo maana nyumba yenye moshi na radoni kwa pamoja inastahili kuangaliwa mara mbili.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama. Wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, walikufa kwa ugonjwa wa kifua kwa vizazi, na mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walieleza kuwa ni uvimbe wa mapafu. Ilidhaniwa ni habari ya migodini tu, hadi mwaka 1984 huko Pennsylvania, Marekani. Mhandisi Stanley Watras alikuwa akifanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia wa Limerick uliokuwa bado unajengwa, na king'ora cha mionzi kilikuwa kikilia akipita. Ilikuja kugundulika kwamba mionzi haikutoka kazini. Alikuwa anakuja nayo kutoka nyumbani kwake.

Sasa tuje kwetu. Tumejenga juu ya mawe ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, na baadhi ya mawe hayo, hasa yale yenye asili ya fonolaiti, kwa kawaida huwa na urani zaidi kuliko basalti nyeusi. Nyumba zetu zina bahati moja: chache zina vyumba vya chini ya ardhi. Lakini zina tabia mbili mbaya. Ya kwanza ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, kuanzia Njiro hadi Sakina, kuanzia Marangu hadi Kibosho, tunafunga kila kitu tangu magharibi. Nyumba iliyo na joto ndani kuliko nje huvuta hewa kutoka chini ya sakafu kama bomba la moshi linavyovuta, na hewa ya chini ya sakafu ndiyo yenye radoni. Ya pili ni ujenzi wa kisasa. Nyumba za wazazi wetu zilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Leo tunaweka madirisha ya aluminiamu yanayobana, silingi bodi isiyo na tundu, na mafundi wanayaziba matundu ya zamani kwa plasta ili mbu wasiingie. Mbu angezuiwa na wavu tu.

*Kagua kwanza.* Pita chumba kwa chumba na tochi, anza na vyumba vya kulala vya chini, maana ndipo unapotumia saa nane mfululizo. Angalia pale sakafu inapokutana na ukuta, nyufa za sakafu, tundu la bomba la choo na la sinki, na sehemu zozote zenye sakafu ya udongo. Chora ramani ndogo kwenye daftari na uweke alama. Uliza pia kifusi cha msingi kilitoka wapi. Mwamba wa fosfeti, kama ule unaochimbwa Minjingu karibu na Ziwa Manyara kwa ajili ya mbolea, una urani na radiumu kuliko udongo wa kawaida. Faida yake ni shambani, usiutumie kujaza msingi wala usilale chumba kimoja na magunia yake.

*Kisha pima.* Macho hayaoni radoni, na nyumba ya jirani haisemi lolote kuhusu yako. Kipimo kizuri ni kile kidogo cha plastiki, saizi ya kiganja, chenye utando unaochorwa na chembe za alfa. Huhitaji umeme, na hukaa miezi mitatu au zaidi kabla ya kurudishwa maabara. Vipo pia vya siku chache vyenye mkaa maalumu, na vya kielektroniki vinavyoonyesha namba kwenye kioo. Mimi napendelea wa muda mrefu, kwa sababu radoni hupanda usiku na kushuka mchana, hupanda baridi na kushuka joto, na kipimo cha siku mbili kinaweza kukutisha bure au kukutuliza bure. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya mambo ya mionzi nchini, ina ofisi na maabara Njiro, Arusha. Anzia hapo kuulizia upimaji. Ikiwa ni mtaa mzima au shule, mwenyekiti wa mtaa au mkuu wa shule aandike barua moja kwa niaba ya wote.

Kiweke kipimo chumba cha kulala cha chini, juu ya meza au rafu, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni na karibu mita moja kutoka dirishani, mbali na jua. Usikiweke jikoni wala bafuni. Andika tarehe na saa. Kisha ishi kama kawaida yako. Ukianza kufungua madirisha kwa sababu kipimo kipo, utakuwa unapima nyumba isiyo yako. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo itakayokuambia ukweli mchungu zaidi.

*Soma majibu.* Yatakuja kwa bekereli kwa kila mita ya ujazo. Bekereli moja maana yake ni atomu moja inavunjika kila sekunde. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwongozo cha 2009, linapendekeza nyumba isizidi 100, na pale ambapo hali ya nchi hairuhusu, isivuke 300.

Namba hizo zina maana gani kwa mtu? Utafiti uliounganisha takwimu za nchi za Ulaya, ulioongozwa na Sarah Darby na kuchapishwa 2005, uliona hatari inapanda kwa takriban asilimia 16 kwa kila bekereli 100 za ziada. Chukua watu 1,000 wasiovuta kabisa. Bila radoni, wapatao 4 watakufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kutimiza miaka 75. Wakiishi kwenye bekereli 100, watakuwa 5. Kwenye 400, watakuwa 7. Sasa chukua wavutaji 1,000: bila radoni ni 100, kwenye bekereli 100 ni 120, kwenye 400 ni 160. Zitazame namba hizo kwa utulivu. Mvutaji anayehangaika na nyufa za sakafu huku sigara iko mdomoni ameanzia mwisho.

*Rekebisha.* Chini ya 100, pumua. Pima tena ukiongeza chumba au kubadili sakafu. Kati ya 100 na 300, fungua matundu ya hewa yaliyozibwa na uyawekee wavu, fungua madirisha mawili yanayotazamana kila asubuhi kwa nusu saa, ziba nyufa na kingo za sakafu, kisha upime upya. Ujue kwamba ukifunga madirisha radoni hurudi ndani ya saa chache, na kuziba nyufa peke yake mara nyingi hakutoshi, kwani gesi hutafuta ufa mwingine.

Ikizidi 300, dawa inayofanya kazi ni kunyonya hewa kutoka chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, kabla haijaingia. Fundi hutoboa sakafu sehemu moja iliyofichika, kwa mfano stoo, huchimbua shimo la ukubwa wa ndoo chini ya zege, husimamisha bomba la PVC la inchi nne, huziba vizuri pembeni mwake, na kulipandisha hadi juu ya paa, mbali na madirisha. Feni ndogo inayofungwa kwenye bomba, darini au nje, hunyonya mfululizo usiku na mchana. Bomba ni lile lile la choo. Kigeni ni wazo tu. Msimamie fundi wako kwenye jambo moja: mdomo wa bomba usiishie darini. Ukiishia darini umeihamisha radoni, hujaitoa.

*Kama bado unajenga*, umebahatika. Kabla ya kumwaga jamvi, tandaza kokoto safi kama sentimita 10, laza ndani yake bomba lenye matundu, funika kwa nailoni nzito yenye maungio yanayopishana walau sentimita 30 na yaliyogandishwa, ndipo umwage zege. Acha kipande cha bomba kimesimama na kofia yake. Baadaye kipimo kikionyesha namba kubwa, utaunganisha tu kwenda juu. Kikionyesha namba ndogo, nailoni ile itakuwa imekukinga na unyevu.

Wenye visima virefu: radoni huweza kuja na maji na kutoka wakati wa kuoga, ingawa sehemu kubwa hutoka ardhini moja kwa moja. Maji yakiingia kwenye tenki la juu kwa kumwagika na yakakaa siku kadhaa, nyingi itakuwa imeshatoka au kuvunjika.

Hatua ya tano: kazini

Rudi kwenye daftari, kurasa za kazi. Kuna mambo ya kazini ambayo shirika lile la saratani limethibitisha kuwa huleta saratani: vumbi la silika mwaka 1997, moshi wa dizeli 2012, moshi wa kuchomelea vyuma 2017, na kazi ya upakaji rangi. Mwaka 2013 liliongeza hewa chafu ya nje kwa ujumla. Fundi wa gereji za Unga Limited anayeacha lori linaunguruma ndani ya banda amefungua kiwanda kidogo cha saratani; gari litolewe nje au bomba la moshi liunganishwe hadi nje.

Wanaapolo, yaani wachimbaji wa tanzanite, nao nawazungumzia kwa uchungu, kwa sababu nimewafundisha wengi wao. Tanzanite ya Mirerani, iliyogunduliwa 1967, iko ndani ya miamba yenye kinywe (grafiti) na kwazi (quartz), na kwazi ikichorongwa ikiwa kavu hutoa vumbi la silika lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu kwenye mapafu, hurahisisha kifua kikuu, na huongeza hatari ya saratani. Ulinzi ni kuchoronga kwa maji, kusubiri vumbi litue baada ya baruti, na barakoa ya N95 inayobana, si kitambaa cha kichwani. Nguo za mgodini zisifuliwe pamoja na za watoto. Aliyewahi kuchimba miaka mingi afanyiwe uchunguzi wa mapafu hata kama ameshaacha. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ina uzoefu mrefu wa kifua kikuu na maradhi ya vumbi. Mwenye ajira rasmi atunze mikataba yake, maana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hushughulikia maradhi yatokanayo na kazi.

Hatua ya sita: paa

Majengo ya zamani, hasa ya miaka ya sitini na sabini, mengine yameezekwa kwa shuka za kijivu zenye mawimbi, nene kuliko bati, zinazovunjika kama kigae. Hizo huenda zina asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu. Zikiwa nzima hazina vurugu. Usizitoboe, usizisugue, usizifagie zikiwa kavu, na usichukue vipande kujengea banda la kuku. Zikibidi kutolewa, zilowekwe maji, zishushwe nzima, na wasiliana na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu mahali pa kuzizika. Anayevuta sigara na kufanya kazi na asbesto huzidisha hatari maradufu kuliko kila kimoja peke yake.

Hatua ya saba: mwili na ukoo

Ndugu wa karibu mwenye saratani ya mapafu, kifua kikuu cha zamani kilichoacha makovu, kuishi na VVU, mionzi ya tiba iliyowahi kupigwa kifuani: vyote huongeza hatari, na vyote havibadiliki. Viandike, daktari avione. Chakula nitakigusa kwa neno moja. Kula karoti na mboga za majani, lakini usinunue vidonge vya beta-karotini ukiwa mvutaji. Tafiti mbili kubwa, za 1994 na 1996, ziliona vidonge hivyo vikiongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji. Zile “dawa za kusafisha mapafu” zinazouzwa mitandaoni hazisafishi kitu. Pesa hiyo itatosha kununua wavu wa matundu ya hewa.

Hatua ya nane: kuwahi

Kikohozi kikivuka wiki mbili, nenda ukapime makohozi. Kipimo cha kifua kikuu hutolewa bure. Usikubali kuanzishiwa dawa bila kuuliza: “Daktari, makohozi yangu yameonyesha nini?” Yakiwa hayana vimelea na kikohozi kinaendelea, au umeanza dawa na hupati nafuu, omba uchunguzi zaidi. Dalili nyingine ni damu kwenye makohozi hata kidogo, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, maumivu ya kifua au bega yasiyoisha, nimonia inayorudi sehemu ile ile, na ncha za vidole kuvimba huku kucha zikipinda.

Njia huanzia zahanati au kituo cha afya, hufika hospitali ya mkoa, Mawenzi kwa upande wa Moshi au Mount Meru kwa upande wa Arusha, na kwa barua ya rufaa hufika KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi. Eksirei huweza kukosa uvimbe mdogo, kwa hiyo daktari akisema CT, si kwamba anakutafutia gharama. Jibu la mwisho hutoka kwenye kinyama kinachochukuliwa na kupimwa. Wengi hukikimbia wakiamini kwamba kukata kinyama husambaza ugonjwa. Bila kinyama hakuna anayejua ni saratani ya aina gani, na dawa hutegemea aina.

Nenda na mtu mmoja wa kusikiliza, maana mgonjwa husikia nusu. Beba daftari lako: kazi, majiko, miaka-pakiti, majibu ya radoni kama unayo. Omba nakala ya kila picha na kila jibu, uviweke kwenye bahasha moja inayokwenda popote mgonjwa anapokwenda. Mama mkubwa alikuwa na vyeti vya zahanati tano, kila kimoja kimekunjwa ndani ya kitabu tofauti cha nyimbo, na hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kuviona vyote kwa pamoja.